Kabla hujakubali giaboksi ishushwe: uzi wa oili, joto na bili

Mshika Usukani (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Maswali ya giaboksi yanajirudia na majibu nayo yanajirudia: "shusha, weka nyingine." Hilo ndilo jibu ghali kuliko yote, na mara nyingi linatolewa kabla hata boneti haijafunguliwa. Uzi huu ni wa gia otomatiki hasa, wenye gia za mkono nao waulize tu, tutafika.

Naanza na oili maana ndiko ugomvi ulipo. Oili ya giaboksi otomatiki, yaani ATF, hailainishi tu. Inapoza, na zaidi ya yote inabeba presha. Gari la otomatiki halina pedali ya klachi lakini klachi linazo, tena nyingi, zimepangwa pakiti kwa pakiti humo ndani. Gia inaingia kwa sababu pampu imesukuma oili, oili imepita kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi, lile bamba la valvu linaloielekeza oili, ikabana pakiti moja na kuachia nyingine. Presha ikipungua pleti za klachi hazibani, zinasuguana. Zikisuguana zinaungua. Unga wake unaingia kwenye oili, oili inaupeleka kwenye valvu na solenoidi (valvu ndogo za umeme), presha inazidi kuyumba. Giaboksi inajimaliza yenyewe hivyo, na dereva anasema "linachelewa kidogo asubuhi tu, likipata moto liko sawa."

Halafu kuna kauli ya "oili ya maisha". Maisha ya nani? Vitabu vya magari mengi ya kisasa vinasema oili ya giaboksi haibadilishwi kwa matumizi ya kawaida. Endelea kufunua kurasa utakuta matumizi magumu yametajwa: foleni, vumbi, milima, kuvuta trela, joto kali, safari fupifupi. Wengi wetu tumo humo tukidhani tuko kwenye kawaida. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, inayotengeneza giaboksi za gia 6 na 8 zinazofungwa kwenye magari kama BMW na Land Rover, inashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au ikifika miaka 8. Muuzaji wa gari anasema usiguse, aliyeunda giaboksi anasema badilisha. Mimi namsikiliza aliyeunda.

Joto ndilo linaloua zaidi kuliko umri. ATF ikiwa kwenye nyuzi 80 hadi 90 na kidogo za Selsiasi iko nyumbani kwake. Ikipita 115 hivi inaanza kuacha utando kama vanishi kwenye valvu, ikizidi zaidi sili za mpira zinakakamaa, na ikikaribia 150 pleti zenyewe zinaungua. Kwa hiyo rejeta chafu, feni isiyozunguka au kipoza oili kilichoziba ni ugonjwa wa giaboksi, hata kama fundi wa injini ameuandika kwenye karatasi yake. Kuna gari linabadilishiwa giaboksi na ile mpya inakufa kwa sababu hakuna aliyesafisha kipoza. Unga na vyuma vya giaboksi ya zamani vimekaa humo vinasubiri mgeni.

Dalili nazozipa uzito:

Unaweka D au R, inachukua sekunde mbili tatu ndipo gari linashtuka na kushika. Mshale wa mizunguko ya injini unapanda lakini mwendo hauongezeki. Mtetemo mdogo ukiwa mwendo wa wastani umekanyaga mafuta kidogo, kama unapita barabara yenye matuta madogo madogo, halafu unaisha ukiachia. Gari linakataa kubadili gia na kubaki na moja tu, hapo kompyuta imelifunga makusudi lisijiharibu zaidi. Na oili yenyewe: nyekundu au ya kahawia isiyoiva sana bado inazungumzika, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari nyingine.

Ukiona mojawapo, usianze kutafuta giaboksi ya mtumba. Pima kiwango cha oili kwanza. Kisha soma kodi za hitilafu, yaani misimbo ya makosa, kwa mashine inayoweza kuingia kwenye kompyuta ya giaboksi, siyo ile ndogo ya kusoma injini peke yake. Kisha angalia betri na waya. Ukifika hapo ndipo tuzungumze kuhusu kushusha.

---

Spana 17

Mkuu umeongea vizuri ila naongezea kama mtu ninayekaa chini ya magari. Kipimo cha oili kinawashinda watu wengi. Kwa magari mengi yenye kijiti cha kupimia, unapima injini ikiwa inaunguruma, oili imepata moto, umeshapitisha gia zote ukarudi P, gari liko sehemu tambarare. Honda nyingi ni kinyume, unazima kwanza ndipo unapima mara moja. Anayepima otomatiki kama anavyopima oili ya injini, asubuhi gari limelala, anapata jibu la uongo, anaongeza au anapunguza bila sababu.

Zisizo na kijiti ndizo zinazochezewa zaidi. Zina nati chini ya sampu, lile bakuli la oili la chini, unaifungua oili ikiwa kwenye joto lililotajwa na kiwanda, mara nyingi kati ya nyuzi 30 na 50, injini ikiunguruma, unasubiri oili itoke mchirizi mwembamba. Ukifungua ikiwa ya moto sana imeshatanuka, itamwagika nyingi na utafunga ukiwa na pungufu. Fundi asiyekuwa na namna ya kusoma joto la oili anakisia tu.

Na jamani, oili nyingi kupita kiasi nayo ni ubaya. Inapigwapigwa na gia, inatoka povu, povu halibebi presha. Dalili zake ni zilezile za oili pungufu. Mtu anaongeza tena.

---

Mama Gari Dogo

Naomba kuuliza wakuu. Gari langu lina kilomita 160,000 na kitu, oili ya giaboksi haijawahi kubadilishwa tangu nilinunue. Fundi mmoja kaniambia nisiiguse kabisa, nikibadilisha ndiyo nitaiua. Mwingine kaniambia nibadilishe yote kwa mashine. Nimsikilize nani?

---

Mshika Usukani

Dada, wote wawili wana kitu ila wote wamekata maneno nusu.

Huyo wa kwanza ameona magari yakifa baada ya kubadilishwa oili, na ni kweli hutokea. Lakini uliza yaliletwa lini. Mengi yaliletwa yakiwa tayari yanateleza, mwenye gari akitumaini oili mpya itaponya pleti zilizokwisha. Oili haiponyi pleti. Giaboksi ingekufa tu, ikafia mikononi mwa oili mpya na lawama ikaenda huko.

Huyo wa pili, mashine ya kusukuma kwa presha kwenye giaboksi iliyokaa muda mrefu bila huduma inaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye valvu. Mimi nisingeanza na hiyo.

Kama gari lako linabadili gia vizuri, halichelewi, halitetemi, njia ya katikati ni kumwaga na kujaza. Ukimwaga kwa nati ya chini inatoka kama theluthi hadi nusu tu, nyingine inabaki kwenye toki konvata, lile kasha la mviringo lililo kati ya injini na giaboksi. Kwa hiyo unamwaga, unajaza, unaendesha kwa muda, unarudia. Mara ya kwanza sampu ishushwe, filta ibadilishwe kama inafikika, sumaku zisafishwe. Kwenye sumaku ukikuta tope la kijivu laini, ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, simamisha kazi, oili mpya hapo ni hela ya kutupa.

Fundi apime alichomwaga na arudishe kiasi hichohicho, halafu ndipo kiwango kihakikishwe kwa joto. Hili dogo linaokoa mengi.

---

dereva_mzee

Tulikuwa tunaendesha magari miaka na miaka hatujui habari za kubadilisha oili ya giaboksi na yanakwenda. Hizi za siku hizi ni biashara ya mafundi.

---

Spana 17

Mzee wangu heshima yako, ila giaboksi za zamani zilikuwa na gia 3 au 4, oili nyingi na nafasi za kutosha humo ndani. Sasa ni gia 8, 9, hata 10 kwenye kasha lilelile. Toki konvata inafungwa na kufunguliwa kila wakati ili kuokoa mafuta, na solenoidi zake zina vijitundu ambavyo uchafu kidogo unaziba. Oili zenyewe zimefanywa nyepesi. Chuma cha zamani kilikuwa kinasamehe.

---

Boneti Wazi

Kwenye aina ya oili hapo ndipo watu wanapigwa. Dukani unaambiwa "hii nyekundu inaingia gari lolote." Rangi ni ya kutiwa tu, haina maana yoyote. Toyota WS na Toyota T-IV zote zinaonekana nyekundu lakini hazibadilishani, WS ni nyepesi zaidi na giaboksi imepangiwa wepesi huo. Honda walitoka Z-1 wakaenda DW-1. Dexron VI ya GM inaruhusiwa palipokuwa pakitumika Dexron III, lakini kurudi nyuma, kuweka III palipoandikwa VI, hapana. Na CVT, otomatiki ya puli na mkanda badala ya gia, ina oili yake kabisa, Nissan wana NS-2 na NS-3, ukiweka ATF ya kawaida humo umeshanunua giaboksi.

Sababu yenyewe ni msuguano. Oili hizi zina kemikali zinazoamua pleti zishikane haraka au polepole kiasi gani. Ukikosea, gari litashika kwa mshindo au litateleza, ingawa oili ni mpya na ya bei.

---

CVT Imenichosha

Mmetaja CVT ngoja nilie kidogo. Langu lilianza mlio wa mvumo, baadaye nikipanda mlima likawa linapoteza nguvu ghafla. Gereji niliyoenda wakasema CVT haitengenezwi, inabadilishwa nzima. Bei waliyonitajia ukilinganisha na thamani ya gari nilikaa chini. Kwa nini hizi zinaumiza hivi?

---

Mshika Usukani

Pole sana mkuu. CVT haina gia za kupanda na kushuka. Ina puli mbili zinazotanuka na kujibana, na mkanda wa chuma katikati. Wazo hili DAF wa Uholanzi walilitambulisha mwaka 1958 kwa mikanda ya mpira, siku hizi ni vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa kwenye pete. Mkanda haushikwi na meno, unashikwa na presha ya oili inayobana puli. Presha ikishuka kwa muda mfupi tu, mkanda unateleza na kukwaruza uso wa puli. Mkwaruzo ukishakuwepo hauondoki, utazidi kula mkanda. Ndiyo maana wanasema haitengenezwi: puli na mkanda ndiyo giaboksi yenyewe, na vikiharibika kinachobaki ni kasha.

Na si haki kuwalaumu wenye magari peke yao kwa kutotunza. Nissan ilipata malalamiko ya kutosha hadi ikarefusha dhamana ya CVT Marekani kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010, ikafika miaka 10 au maili 120,000. Tatizo la muundo lipo. Ila hata zile nzuri hufa mapema zikiachwa na oili iliyochoka au zikipandishwa mlima mrefu zimebeba mzigo huku joto halishuki.

Kwako wewe, kabla ya kulipa, uliza kama wamepima presha na kama wamesoma kodi. Kupoteza nguvu mlimani kunaweza kuwa kompyuta inapunguza nguvu kwa sababu ya joto, na hapo kipoza na oili vinatangulia. Mvumo pia unaweza kuwa bearing tu za shafti, zinazobadilishwa kwa kufungua giaboksi bila kununua nyingine, ukimpata fundi anayezijua. Lakini mvumo pamoja na vyuma kwenye sampu, sitakudanganya, hiyo imekwenda.

---

Mama Gari Dogo

Asante sana kaka kwa jibu la mwanzo. Swali jingine: kwani hiyo bili inatokana na nini hasa? Maana injini nzima ya mtumba nasikia wakati mwingine inakuja nafuu kuliko giaboksi.

---

Mshika Usukani

Inatokana na vitu vinavyoambatana ambavyo mtu hasikii alipotajiwa bei ya kwanza. Kushusha na kurudisha peke yake ni kazi ya siku, na kwenye magari mengi ya mbele lazima uteremshe fremu ya chini, shafti za magurudumu, wakati mwingine ushikilie injini kwa juu. Hiyo kazi unailipa ileile iwe tatizo ni sili ndogo au giaboksi nzima. Ndani, pleti, sili na gasketi ndiyo upande wa nafuu. Ngoma, puli, sayari za gia na pampu ndiyo upande wa maumivu, na hakuna anayejua ni vipi vimeharibika mpaka afungue. Ndiyo maana fundi mkweli hukupa bei mbili, ya kabla na ya baada ya kufungua. Anayekupa moja tu kwa simu, ama ameweka ya juu kabisa ama atakupigia tena.

Juu ya hapo kuna toki konvata, kipoza, oili ya kutosha kujaza giaboksi iliyo kavu, na kwa magari ya karibuni kuifundisha kompyuta upya ijue pleti mpya. Hiyo ya mwisho wengi wanairuka. Kompyuta ilikuwa imejifunza kubana zaidi kufidia pleti zilizochakaa, ikiendelea na hesabu hizo kwenye giaboksi yenye pleti mpya, gari litapiga mishindo na utaambiwa "umeuziwa mbovu."

Mtumba, ovahaoli (yako kufunguliwa na kubadilishwa vilivyochakaa) au iliyofanyiwa matengenezo kamili kiwandani: mtumba ni bahati, thamani yake ni dhamana ya kuirudisha. Waulize imetoka gari la kilomita ngapi, lakini usiamini namba, angalia oili iliyobaki ndani na uinuse. Ovahaoli ni nzuri ukimjua anayeifanya. Ya kiwandani ni ghali ila mara nyingi ndiyo pekee yenye marekebisho ya udhaifu wa asili. Kwa gari la umri mkubwa ambalo matengenezo yanaweza kugharimu nusu ya thamani yake, mimi kwanza nafanya hesabu ya kuliuza lilivyo.

---

Spana 17

Nichomekee hapo. Zipo giaboksi zinashushwa bure kabisa. Kodi P0700 peke yake haisemi kitu, ni kompyuta ya giaboksi inamwambia mwenzake wa injini awashe taa. Lazima usome ya ndani. P0715 na P0720 zinahusu sensa za mwendo, moja ya kuingia na nyingine ya kutoka. Sensa ikidanganya, kompyuta inadhani gia inateleza na inafunga gari kwenye gia moja. Sensa hizi nyingi zinafungwa kwa nje, unabadilisha kwa spana moja. P0741 ni klachi ya toki konvata haishiki, hapo anza na oili na solenoidi kabla ya kulaani konvata.

Betri chovu pia. Volti zikishuka solenoidi hazifungui sawasawa. Na maunting za injini, ile mipira inayoishikilia, zikiwa zimekufa zinatoa mshindo ukiweka R, mtu anaapa ni giaboksi.

Lingine la hatari: ATF nyingi hupozwa ndani ya rejeta. Ukuta ukitoboka, maji na oili vinachanganyika, oili inakuwa ya waridi na nzito. Ukiona hivyo usiliwashe gari hata kulisogeza. Maji hayo ya rejeta yanalegeza gundi inayoshika pleti, na kila dakika unayoendesha unapunguza uwezekano wa kuiokoa.

---

dereva_mzee

Haya nimewaelewa. Sasa mimi langu ni gia za mkono, nako mnasemaje? Maana gia ya pili inagoma asubuhi.

---

Boneti Wazi

Shikamoo mzee. Hilo mara nyingi ni oili au zile pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijakutana. Uliza uliwekewa oili gani. Oili ya uzito uleule, 75W-90, ipo ya daraja la GL-4 na ya GL-5. GL-5 imetengenezwa kwa difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), ina kemikali kali za kuhimili mgandamizo, baadhi hushambulia shaba na pia inateleza mno hizo pete zishindwe kushika. Watu huona tano kubwa kuliko nne wakadhani ni bora. Fuata kitabu.

Kama oili iko sawa, angalia klachi inaachia vizuri. Haidroliki ya klachi ikiwa na hewa, gia zote zinakuwa ngumu injini ikiunguruma na laini ukizima. Ikigoma ya pili tu, hizo pete ndizo zinazoniingia akilini. Na mguu usikae juu ya pedali, mzee.

---

CVT Imenichosha

Nimerudi wakuu. Nimempelekea fundi mwingine maneno yenu. Kabla hajagusa kitu kaniuliza kama matairi yote yanalingana maana langu ni la kuvuta magurudumu yote manne. Yana uhusiano?

---

Spana 17

Makubwa, mkuu. Tairi mpya mbili na chakavu mbili zinazunguka kwa kasi tofauti hata barabara ikiwa imenyooka. Kwenye magari ya hivyo, kiunganishi cha nyuma au difu ya kati inalazimika kufidia muda wote, inapata joto, inakufa. Mwenye gari anasikia mvumo na mishindo kwenye kona, anaambiwa giaboksi. Huyo fundi mshike.

Na likizima njiani lisivutwe magurudumu yakiwa chini. Pampu ya oili inazungushwa na injini, injini ikizima hakuna kinacholainisha humo ndani huku magurudumu yanazungusha kila kitu. Libebwe juu ya gari lingine zima zima.

---

Mshika Usukani

Naongezea mambo mawili ya uendeshaji halafu nawaachia uzi. Kubadili kutoka R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma, pakiti za klachi ndizo zinazolisimamisha badala ya breki. Na kuegesha mlimani kwa P bila breki ya mkono, gari zima linaning'inia kwenye kijino kimoja cha chuma ndani ya giaboksi. Ule mlio wa "kang" ukitoa P ni kijino hicho. Kanyaga breki, weka N, vuta breki ya mkono, achia breki ya mguu gari likae, ndipo uweke P.

Mwenye DSG ya Volkswagen, giaboksi ya klachi mbili, ya gia 6 yenye klachi zinazoogea oili, DQ250, hiyo ina ratiba yake ya wazi: kilomita 60,000, oili na filta. Ile ya gia 7 yenye klachi kavu ni mnyama mwingine, klachi zake huchakaa kama za gari la mkono, na kutambaa kwenye foleni ndiko kunakozimaliza. Aliyenayo aulize, Spana 17 nadhani ameshazifungua.

---

Spana 17

Nimezifungua. Leteni maswali, ila wekeni mwaka wa gari, msimbo wa giaboksi kama mnao na picha ya oili kwenye karatasi nyeupe. "Gari langu linashtuka" peke yake siwezi kulijibu.